Mwanaume unaenda kaunselingi mara ya kwanza, fanya hivi ikusaidie kweli

Naandika hii kwa sababu meseji zinazoingia kwangu ni zile zile. Kaka naanzia wapi. Nikifika nasema nini. Wife ataambiwa? Wataniandika chizi? Mbona nilienda mara moja sikuona kitu. Nimejibu mmoja mmoja zaidi ya mwaka sasa, naweka yote hapa, ukiulizwa na mwenzako umtumie tu.

Mi sio dokta. Naongoza wageni mlimani, nilianza kama mgumu, ndo jina letu wapagazi wa Kilimanjaro, na jina lenyewe unaona linamfunza kijana nini. 2020 wageni walipokata kwa ajili ya korona nilikaa miezi bila kupanda, nina mkopo wa watu, nikaanza kunywa asubuhi, nyumbani nafoka kwa kila kitu. Ndugu yangu akanivuta kwa mshauri. Nilikaa dakika kumi nikasema niko poa, nikatoka, nikawaambia masela haya mambo hayafanyi kazi. Miezi mitano baadae nilirudi, kwa mtu mwingine, na hiyo ya pili ndo iliyonitoa. Mshauri alikuwa mzuri zaidi ndio, ila na mi niliingia tofauti.

Nieleze hapo kidogo maana ndo kiini. Mwanaume wa huku kikao anachokijua ni cha ukoo, umeitwa, wazee wamekaa, mke keshasema yake, haya jitetee. Au baraza la usuluhishi la ndoa, lile ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite kabla ya talaka. Au umeletewa barua ufike ustawi wa jamii. Kote huko mwisho unaambiwa umekosa, lipa, omba msamaha. Sasa ukiingia kwa mshauri akili inakaa vile vile, unajibu kifupi, unaficha, unasubiri uhukumiwe. Kwa mshauri hakuna hukumu. We ndo mwenye kesi, we ndo unasema unataka nini, na yeye anafanya kazi na wewe. Hatua zote hapa chini zinatokea hapo.

KABLA YA YOTE: kama unafikiria kujiua usianze na mwongozo huu. Usilale peke yako leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno yenyewe, "nafikiria kujiua", usizunguke, nenda naye dharura ya hospitali hata kama ni usiku wa manane, na umwachie yeye akuwekee mbali chochote ulichokuwa unakifikiria. Kusema hivyo kwa dokta sio kosa na sio aibu. Takwimu za WHO, Shirika la Afya Duniani, za waliojiua 2019 dunia nzima ni 12.6 kwa kila wanaume 100,000, na 5.4 kwa kila wanawake 100,000, yani sisi ni zaidi ya mara mbili, so usijione uko peke yako duniani.

Vitu vya kuwa navyo

- Saa moja na nusu ambayo hakuna mtu anakusubiri. Sesheni yenyewe mara nyingi ni dakika 45 mpaka 60, ila usipange abiria au mteja dakika tano baada ya kutoka, utakuwa umechoka kuliko unavyodhani.
- Daftari dogo. Simu sio nzuri kwa hili, kila mtu nyumbani anaishika.
- Pesa ya mara nne, au uhakika wa kuipata. Usihesabu ya mara moja.
- Mtu mmoja anayejua unaenda wapi. Mmoja anatosha, na sio lazima awe mke.
- Orodha ya dawa unazotumia na kiasi unachokunywa kwa wiki, namba ya kweli.

Hatua zenyewe

1. Chagua mlango.

Moshi una Mawenzi, ndo hospitali ya rufaa ya mkoa, Arusha una Mount Meru. Nenda mapokezi uliza kliniki ya afya ya akili, siku zao na utaratibu wa malipo. KCMC nayo ipo ila ni ya kanda, mara nyingi utatakiwa uanzie chini upewe rufaa. Wapo washauri binafsi mjini, na maafisa ustawi wa jamii wenye mafunzo. Kwa mshauri binafsi usione aibu kuuliza amesomea nini na wapi, kama unavyomuuliza fundi kabla hujampa injini.

Padri, mchungaji, shehe, hawa wengi ni wasikilizaji wazuri na kwa baadhi yetu ndo mlango pekee ambao miguu inakubali kuingia. Nenda. Ila akikwambia uache dawa za hospitali ili maombi yafanye kazi, hapo ondoka.

Unaogopa kuonekana? Naelewa, na neno "ushauri nasaha" wengi tumelisikia kwenye kupima ukimwi, so jirani akikukuta mlangoni anajitungia yake. Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, panda gari asubuhi mchana umerudi. Nawajua wa Moshi wanaoenda Arusha na wa Arusha wanaokuja Moshi kwa sababu hiyo hiyo.

2. Piga simu, sema sentensi moja.

Wengi hapa ndo wanakwama, anapiga, anasikia sauti ya dada wa mapokezi, anakata. Isome hii kama ilivyo: "Habari dada, nahitaji kuonana na mshauri, silali vizuri na nina hasira sana siku hizi, nafasi iko lini na ni shilingi ngapi?" Basi. Usimhadithie maisha yako, sio kazi yake, na ukimaliza maneno kwake siku ya siku hutakuwa na la kusema.

3. Andika mambo matatu yaliyotokea. Yaliyotokea, sio unavyojisikia.

Hii ndo hatua iliyobadilisha kila kitu kwangu. Ukiniuliza najisikiaje mi najibu freshi, nimejibu hivyo toka nina miaka sita, sina maneno mengine hapo. Ila ukiniuliza jana usiku ilikuwaje naweza kukwambia. So andika matendo na mwili. Daftari langu mara ya pili lilikuwa hivi, nanakili:

"Naamka saa tisa usiku sirudi kulala, wiki ya tatu sasa. Jumapili nimerusha sahani ukutani kwa sababu ya chumvi, binti yangu akaenda kujificha nyuma ya mlango. Nakaa stendi mpaka saa nne usiku sina ninachofanya, ili nikifika wawe wamelala."

Hakuna neno huzuni hapo, na mshauri alisoma mara moja akanyamaza, akauliza, "binti ana miaka mingapi?" Tukaanzia hapo.

Kwetu wanaume stresi na sonona, yani depresheni, mara nyingi zinakuja zimevaa nguo nyingine: mgongo, tumbo, kichwa, ukali, pombe, kubeti, kuendesha boda kama huna watoto, kufanya kazi bila kupumzika. Ukiwa nazo ziandike, ndo ugonjwa wenyewe huo unaongea. Na maumivu ya mwili yapimwe pia, usiyaache eti ni mawazo tu.

4. Dakika kumi za kwanza we ndo uulize.

Uliza vitu vitatu. Siri inakaaje hapa? Ushawahi kufanya kazi na wanaume wenye shida kama yangu? Tutajuaje kwamba inasaidia?

Kwenye siri jibu zuri ni hili: mke, bosi, mama mkwe, hakuna anayeambiwa bila ruhusa yako, isipokuwa kama kuna hatari, unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa. Mshauri anayekuahidi siri bila mpaka wowote hajakwambia ukweli. Na yule anayekupa mfano wa "kuna jamaa wa Pasua ana duka la spea alikuja hapa wiki iliyopita", we jua na wewe utakuwa mfano wiki ijayo.

Alafu mwambie kama unajisikia kama umeletwa polisi. Mi nilisema "hapa najisikia nimeshtakiwa", akaniuliza nani kanishtaki. Saa nzima iliishia kwenye hilo swali.

5. Usiseme niko poa.

Kila jioni kambini tunawapima wageni kama urefu wa mlima unawadhuru. Tunaweka kile kipimo cha oksijeni kidoleni, tunauliza: kichwa kinauma, kichefuchefu, umekula, umelala. Mgeni anayenitisha sio anayelalamika. Kuna mmoja nilimpandisha, jitu la mazoezi, kila jioni anasema yuko sawa. Kumbe kichwa kinampasuka toka siku ya pili. Tulipofika kambi ya Barafu, mita 4,673, alikuwa anayumba kama mlevi, anavaa glovu mguuni. Tukamshusha usiku ule ule, vijana wawili wamemshika mabega. Angesema mapema angepumzika siku moja na pengine kileleni Uhuru angefika.

Mshauri au dokta naye anaweza kukupa karatasi ya maswali, ile inayotumika sana inaitwa PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla ya juu 27. Usijaze ili umfurahishe. Na angalia hili, ile karatasi haiulizi hasira wala pombe wala kubeti. Mwanaume anaweza kupata maksi ndogo pale wakati nyumba inaungua. So baada ya kujaza sema mwenyewe: na hasira niko hivi, na pombe niko hivi.

6. Kama uso kwa uso unakubana, geuza kiti.

Siriasi kabisa. Mtu kukukazia macho kwetu ni ugomvi au ni mzee anakukaripia. Wanaume wanaongea wakiwa bega kwa bega, kwenye gari, wakipogoa migomba, wakipanda mlima. Mi nilimwomba tugeuze viti vyote viwili viangalie dirisha. Nje kulikuwa na mparachichi na kuku wa mtu. Nikawa naangalia yule kuku anavyochakura na nikaanza kumuongelea marehemu baba, kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Sikumwangalia yule mama mshauri hata mara moja mpaka nimalize. Wengine wanaomba watembee nje ya jengo, wengine wanashika kitu mkononi. Omba. Mshauri mzuri hatashangaa.

Na lugha ongea inayokujia, kama ni Kichaga au Kimasai ndo kina maneno ya hicho kitu, kiseme hivyo hivyo alafu ufafanue.

7. Usitoke bila kazi ya kufanya.

Hapa wengi wanaumia, anaongea saa nzima, anatoka mtupu, anasema "tumepiga stori tu nimelipa". Kabla hujanyanyuka uliza: wiki hii nafanya nini? Kiwe kitu kimoja, kidogo, cha kuhesabika. Sio "punguza mawazo". Iwe saa nne usiku simu inakaa chumba kingine. Iwe kuandika majina ya wote wanaokudai na kiasi, alafu kumpigia mmoja. Iwe kutembea nusu saa siku tatu. Iwe kula meza moja na watoto Jumatano.

Zimbabwe kuna kitu kinaitwa Friendship Bench, dokta wa akili Dixon Chibanda alikianzisha 2006, mabibi wa mtaani waliofundishwa wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki. Wanafanya nini? Wanakusikiliza mpaka umwage yote, mnachagua tatizo moja kati ya yote, mnapanga hatua ndogo ya kulitatua, ukirudi mnaangalia imeendaje. Mi naona huo mtindo unatufaa sana wanaume, maana shida ikiwa kumi kichwani zinakuwa rundo huwezi kuinua, ikiwa moja unaishika. Mwambie mshauri wako waziwazi kwamba unataka namna hiyo.

8. Sesheni ya tatu usiikose.

Ya kwanza unaenda kwa ujasiri, ya pili kwa sababu uliahidi, ya tatu ndo watu wanapotea. Ama unajiona umepona, ama umefukua kitu kinauma na hutaki kurudi. Wengi walioniambia "ilinishinda" walikatia hapo hapo. Lipia mapema kama inawezekana, au mpe yule mtu wako mmoja kazi ya kukupigia simu asubuhi yake.

Ikifika ya nne mkae mjiulize: usingizi umebadilika? nyumbani wameona kitu? Kama hakuna kabisa, badilisha mtindo au mtu.

9. Ukipewa dawa.

Za sonona hazifanyi kazi kama panadol. Wiki mbili mpaka sita ndo unaanza kuona, na siku za mwanzo unaweza kusikia kichefuchefu au usingizi. Ukizidiwa, au mawazo ya kujiua yakija, rudi kwa dokta haraka. Usiache ghafla ukijisikia vizuri, usichanganye na pombe, usimpe mwenzako zako.

Na kama unakunywa kila siku na nyingi, USIACHE POMBE GHAFLA nyumbani eti umeamua kubadilika. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege, na mtu anaweza kufa. Mwambie dokta kiasi chako halisi apange namna ya kushuka.

Ikigoma

Mshauri anahubiri, anakukatiza, kila kitu anamtetea mke. Mwambie mara moja kwa heshima, "mama, naomba unisikilize kwanza mpaka mwisho." Wengi wanabadilika. Asipobadilika hama, sio dharau. Ila jiulize kwanza kwa ukweli, anahubiri kweli au kagusa penye kidonda? Mi wa kwanza nilimwita mhubiri kwa miezi mitano, baadae nikakumbuka alichoniuliza ilikuwa nalala saa ngapi tu.

Nililia. Sawa. Hakuna kilichoharibika, yeye kaona watu wengi wakilia kwenye hicho kiti. Kunywa maji, nawa uso, usipande boda mpaka utulie.

Siwezi kufika kila wiki, niko mlimani au mgodini. Sisi tunaopandisha wageni siku saba nane, wanaapolo, wachimbaji wa Mirerani wanaokaa chini ya shimo, madereva wa malori, hii inatuhusu wote. Omba sesheni za simu kwa zile wiki, upige ukiwa peke yako, sio kambini ambapo hema ni kitambaa. Na ukiwa huku mjini omba mbili kwa wiki.

Pesa imeisha katikati. Usipotee kimya kimya. Sema. Wengine watakupunguzia, wengine watakupa rufaa hospitali ya serikali na maelezo yako yameandikwa, so huanzi upya.

Kijiweni wamejua wananicheka. Jibu fupi, "nilikuwa silali, nikaenda, sasa nalala." Usijitetee zaidi ya hapo. Kaa uone, ndani ya wiki mmoja wao atakufuata pembeni akuulize namba ya simu. Imenitokea mara tatu.

Wife anauliza mnaongea nini huko. Ana haki ya kujua unaendeleaje, sio kila neno. Mi nilimwambia mama watoto kitu kimoja tu: nikinyamaza jioni sio kwamba nimekukasirikia, nipe nusu saa nitakuja mwenyewe. Alafu nikawa nakuja kweli. Kuna jioni nimechelewa, binti akanifuata uani akasema baba nusu saa imeisha.

Desemba. Wachaga mnanielewa. Watu wote wanarudi nyumbani, gari za watu zimejaa mgombani, kaka yako kachinja, mjomba anakuuliza mbele ya wote we mwaka huu umefanya nini, na pombe ya mbege iko mezani toka saa nne asubuhi. Nimeona wanaume waliokwenda vizuri miezi mitatu wanaanguka pale ndani ya siku mbili. So usiache ratiba ikatike: weka miadi ya mwisho kabla ya tarehe 20, na nyingine wiki ya kwanza ya Januari, zote mbili ziandikwe kabla hujaondoka mjini. Panga na mshauri utamjibu nini mjomba, neno kwa neno, na ujue ni nani pale ukoo utakayemshika mkono mkatembee mpaka mtoni kelele zikizidi.